Paa la Gari Jekundu

"Mafuta haiko," alisema Noël, muuzaji wa gari. "Mutaitembeza siku ingine. Lilongwe yote iko mu mustari, mumejionea."

Kweli Nadège na mama aliyemleta walikuwa wamejionea. Njia nzima ya kuja Kanengo, kila kituo cha mafuta kilikuwa na foleni, madereva wamelalia usukani. Kwa hiyo Nadège hakubishana. Aliingiza mkono ndani ya gari, akazungusha ufunguo nusu, akautazama mshale wa mafuta. Mshale ukapanda, ukapita nusu, ukatulia karibu na kujaa. Akaurudisha ufunguo ulivyokuwa.

Basi, alikuwa anaongea na mwongo. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini mtu bado anatakiwa aitembee mpaka mwisho ajue inaishia wapi.

Nadège alikuwa ofisa wa upelelezi huko Bukavu kwa miaka tisa, kabla vita havijamtupa Dzaleka, kambi ya wakimbizi. Kambini anashona sare za shule na nguo za kwaya, na kati ya sare na sare watu humletea mambo yao: mume aliyetoroka, cheti cha kughushi, mbuzi aliyebadilishwa rangi kwa masizi. Jumatano hiyo aliyemleta Lilongwe ni Mama Olga, mwenyekiti wa akina mama kumi na mmoja wa likelemba, wale wanaochanga kila juma na kupeana zamu. Kwa miaka mitatu walikuwa wamekataa kupeana zamu. Waliweka yote pamoja, na sasa walitaka kununua gari la kukodisha kwa maharusi wa mjini. Na si gari lolote. Walitaka gari la wazi, dekapotable kama wanavyoliita, bibi arusi akae juu ya mgongo wa kiti, shela lipepee, mji wote umwone.

Gari lenyewe, tuseme ukweli, lilikuwa zuri. Jekundu, la Kijapani, la watu wawili tu, limeinamisha pua kama mbuzi anayetaka kupiga kichwa. Paa lake la turubai jeusi lilikuwa limekunjwa nyuma ya viti. Noël alikuwa amelifunua katikati ya ghala, kati ya marobota ya magunia, akasimama kando yake na koti la kijivu lililomkaa sawasawa mabegani. Nadège aliliangalia koti kabla ya gari. Ndiyo kazi yake.

"Mama Olga," alisema Noël, "watu wa kambi watasema nini? Mukimbizi na dekapotable!"

"Baseme," alijibu Mama Olga. Alikuwa amevaa kitenge cha Jumapili siku ya Jumatano. "Mi nimekaa miaka kumi na ine chini ya paa ya kupewa. Kwanza bashi, turubai ya kupewa, kisha mabati ya kupewa. Nikilala, nikitazama juu, naona mambo ya bantu. Sasa nataka kitu haina paa. Mungu anione, na mi nimuone."

"Amina! Lakini Ijumaa saa ine kuko mutu mwingine anakuja. Mi nawapatia ninyi kwanza juu tunasali pamoja."

Nadège alifungua boneti. Alisoma namba iliyogongwa kwenye chuma, kisha namba ya chini ya kioo cha mbele, na Mama Olga, miwani puani, akazifuata moja moja kwenye kitabu cha gari. Zote sawasawa. Nadège akakishika kitabu chenyewe, akakiinua kwenye mwanga, akapapasa muhuri kwa kidole gumba. Karatasi ilikuwa halali. Mwenye gari aliandikwa Nkhoma.

"Njo ile?" aliuliza Mama Olga, uso umeshaanza kucheka.

"Namba ziko sawa," alikubali Nadège. Hapo, akiwa mkweli kwa nafsi yake, alikuwa karibu kusema nunua. Huenda mtu hudanganya kuhusu mafuta kwa uchoyo tu. "Na huyu Nkhoma yuko wapi?"

"Afrika Kusini. Alihama. Aliniachia nimuuzishie."

"Jina litabadilishwa lini?"

Noël alicheka. "Dada, sisi bakimbizi. Mu ofisi batatusumbua bule. Bamama bataendesha na jina yake tu, miaka yote. Nani atauliza?"

"Na stika ya bima?" Pembeni mwa kioo kulikuwa na alama ya mraba, gundi imebanduliwa kwa ukucha.

"Jua iliiunguza."

"Jua la ndani ya ghala?"

Noël akakohoa. Nadège hakumpa nafasi ya kutafuta jibu lingine.

"Funga paa."

"Dekapotable ni ya kufunguliwa, dada! Paa ni ya nini? Mvua iko mbali."

"Funga."

"Funga, ndugu Noël," alisema Mama Olga. "Mi nataka nione vizuri ile kitu sitaki."

Noël alilivuta paa juu kwa mikono miwili na kulibana mbele, akifanya kila kitu polepole. Kwa nje lilikuwa safi. Nadège aliingia ndani, akafunga mlango, akapitisha vidole gizani juu ya kiti cha dereva. Hapo akakuta kiraka chenye urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kidole, kilichoshonwa kwa ustadi ambao ungempa wivu siku nyingine. Alikunja pindo la turubai. Mwisho wa mshono, mahali ambapo uzi haukushika chochote wala haukuwa na kazi yoyote, kulikuwa na mishono mitano mifupi ya njano.

Alikaa pale ndani kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Kule Dzaleka mafundi tisa wanashona chini ya kibaraza kimoja. Wateja wanaacha nguo kwa huyu, anaichukua yule, na suruali ikipasuka makalioni kanisani, kila fundi anamnyoshea mwenzake kidole. Waligombana mpaka wakatupiana pasi. Ndipo walipokubaliana: kila mmoja ana rangi yake na idadi yake, anaitia ndani, mahali pasipoonekana, kwenye kila kazi. Nadège ni mitatu ya bluu. Njano mitano ni Gaspard. Nje ya kibaraza kile hakuna anayejua habari hiyo, na ndani yake hakuna anayeisahau.

Nadège alishuka. "Tutarudi Ijumaa," alisema.

Huko nje ya lango Mama Olga alimshika mkono. "Tununue ao tusinunue?"

"Bado."

"Bado njo nini? Namba ziko sawa!"

"Namba ziko sawa, kitabu ni cha kweli, na tangi imejaa mafuta. Sasa niambie, mama: gari yenye kila kitu, juu ya nini inaogopa barabara?"

Mama Olga aliukumbatia mkoba wake. Hakuhitaji kuelezwa kilichokuwa hatarini. Likelemba yote ingeingia kwenye gari lile, miaka mitatu ya kula mara moja kwa siku. Na likiwa la wizi, kupoteza pesa kungekuwa jambo dogo. Mkimbizi akikutwa ameketi kwenye gari la wizi, nani atamwuliza alilinunua wapi?

*

Gaspard, mzee aliyekimbia kutoka Fizi, alikuwa na pini mdomoni na suruali ya shule chini ya sindano Nadège alipofika kibarazani alasiri ile.

"Papa Gaspard, ulishona paa ya gari."

"Paa gani? Mi nashona suruali, hauone?"

"Kiraka ndefu, ndani, upande wa dereva. Mishono tano ya njano."

Cherehani ikasimama. Gaspard alitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye mkono wa shati lake.

"Nilitia alama?"

"Ulitia."

"Yesu wangu." Alishika kichwa. "Alinikataza nisimuambie mutu. Na mi sikumuambia mutu, Nadège, naapa! Ni hii mukono. Hii mukono ni mujinga, ilijitilia yenyewe!"

Nadège angecheka kama jambo lisingekuwa zito. Alivuta kigoda.

"Nani alileta?"

Gaspard aliigeuza suruali, akaigeuza tena.

"Noël?"

Mzee alitazama barabara kwanza. "Mu gunia ya mahindi. Paa peke yake, bila gari. Miezi mbili imepita."

"Ilikuwa imepasuka ao imekatwa?"

"Imekatwa." Hapo sauti ya fundi ilirudi. "Kitu ikipasuka, nyuzi zinavutika, zinatoka ndevu. Ile nyuzi zililala sawa, zimetazama ndani. Kisu, kutoka inje."

"Ulimuuliza nini?"

"Nilimuuliza tu juu ya nini hakupeleka kwa bafundi ba Mchesi, kule mjini, wako na mashini nzito. Akasema fundi wa Mchesi atauliza gari iko wapi. Akasema, 'Mutu wa kambi haulizi.'"

Nadège alishikwa na hasira ya kweli. Noël ni wa Bukavu kama yeye. Alilala chini ya turubai lile lile la kupewa mwaka wa kwanza. Na somo alilolipata humo ni kwamba wenzake ni mahali pazuri pa kufichia wizi.

"Ndani ya mikunjo ya paa kulikuwa kitu?"

"Vumbi."

"Papa."

Gaspard aliangalia mkasi wake. Nadège naye akauangalia. Mpini wa mkasi ulikuwa umezungushiwa utepe mweupe wa satini, kitambaa kizuri mno kwa mkasi wa kibarazani. Fundi hatupi kitu. Alinyosha mkono, mzee akampa, naye akaufungua utepe pole pole juu ya goti. Herufi za dhahabu, nusu zimefutika kwa jasho la kidole gumba: *Amanda na Limbani. Likuni.*

"Ulikuwa umenasa kwa chuma ya kukunjia," alisema Gaspard. "Lakini mi sitasema mbele ya polisi. Niko na batoto sita, Nadège. Usinitaje."

"Sijakuomba bado," alisema Nadège, akaufunga utepe tena kwenye mkasi kama alivyoukuta.

*

Huko Likuni, pembeni mwa Lilongwe, kutafuta hakukuchukua hata nusu saa. Alhamisi asubuhi Nadège, akiwa na Mama Olga, alimwuliza mama mmoja anayeuza maandazi karibu na kanisa kama anakumbuka arusi ya Amanda na Limbani. Mama yule alipiga makofi.

"Arusi iliyoibiwa gari? Nani asiyeikumbuka!" Akawaelekeza nyumba, na akawaongezea andazi moja kwa ajili ya habari.

Bwana Nkhoma, aliyehamia Afrika Kusini, alikuwa bustanini kwake na mabuti ya mpira, anamwagilia kabeji.

Mama Olga alisimama getini akimtazama. "Kumbe Afrika Kusini ni karibu hivi," alisema.

Mzee hakuelewa, lakini Nadège alipomweleza kwa Kichewa chake cha sokoni, mpira wa maji ulimwanguka mkononi. Gari ni lake. Alimwazima binti yake siku ya arusi. Dereva alifunga milango, akaacha ufunguo na kitabu ndani ya kijisanduku cha mbele, kama alivyozoea, akaingia ukumbini kucheza. Watu wakiwa katikati ya kuwarushia maharusi noti, gari lilitoweka; leo ndiyo ameelewa kwamba mwizi alikata paa, akaingia. Taarifa ya polisi anayo mpaka leo.

"Zikomo, amayi," alishukuru, macho yamelowa. "Zikomo kwambiri. Sasa niachieni mimi. Nitaenda na polisi, nanyi msionekane. Mko nje ya kambi, mtaulizwa vibali, mtaingizwa matatani bure. Rudini nyumbani. Sitawataja."

Ulikuwa ushauri mwema, na mzee aliutoa kwa moyo safi. Nadège mwenyewe aliupima. Shauri lilikuwa limekwisha: gari ni la wizi, hawanunui, likelemba imepona. Mpelelezi mwenye akili angefunga daftari hapo.

Lakini Mama Olga alikuwa ameshaweka mkoba wake chini.

"Bwana," alisema, na Nadège akawa anatafsiri, "yule mwizi alisema mutu wa kambi haulizi. Alijenga biashara yake yote juu ya ile neno. Leo nikienda kujificha, nimemupatia haki. Kibali yangu iko hapa, imeandikwa mpaka Ijumaa jioni. Kesho niko Kanengo saa ine. Polisi akitaka kuniuliza, aniulize. Na mi nitamuuliza."

Nkhoma aliuokota mpira wa maji. "Basi kesho saa nne," alisema.

*

Siku za mwizi ni arobaini. Noël alikuwa amejiongezea ishirini na kitu, na Ijumaa ile alizitumia za mwisho akipangusa boneti kwa kitambaa.

"Mumeleta?" aliuliza alipowaona Mama Olga na Nadège wakiingia.

"Tumeleta," alisema Mama Olga.

Nyuma yao akaingia Bwana Nkhoma, safari hii bila mabuti, na polisi mmoja mnene mwenye daftari, ambaye tangu asubuhi alikuwa analalamika juu ya jua. Noël alimtazama polisi, kisha Nkhoma, kisha mlango wa nyuma. Lakini hakukimbia. Mtu wa aina yake huamini mdomo kuliko miguu.

"Afande, mi nililinunua hivi hivi, kwa mutu simujue. Mi ni mwathirika! Na hawa bamama uwaulize vibali kwanza. Wakimbizi, wanazurura mjini!"

Nadège akamgeuzia polisi kila neno kwa Kichewa, kama alivyofanya mpaka mwisho, naye polisi akanyosha mkono. Mama Olga akampa kibali kabla hajafungua kinywa, Nadège akaweka chake juu yake. Polisi alivisoma vyote viwili, mbele na nyuma, akavirudisha.

"Viko sawa. Endelea."

"Ulilinunua hivi hivi," alisema Nadège. "Na paa?"

"Hivi hivi. Sijaligusa."

"Hujawahi kulitoa? Hujalipeleka kwa fundi?"

"Kamwe! Andika, afande. Sijui fundi yeyote."

Polisi akaandika. Kiraka bila fundi kingekuwa kiraka tu, neno la mkimbizi dhidi ya neno la mkimbizi, na Nadège alilijua hilo vizuri. Jana jioni alikuwa amepita kibarazani, akamwambia Gaspard saa na mahali, wala hakumbembeleza. Sasa alikuwa anatazama lango.

Saa nne na dakika kumi baiskeli ya kabaza, ile ya kubeba abiria, ilisimama nje. Gaspard alishuka, amevaa koti lake la kanisani, mkasi umetokeza mfukoni. Alitembea moja kwa moja mpaka kwenye gari bila kumtazama mtu.

"Mufunge paa," alisema.

Mama Olga na Nadège wakalifunga wenyewe. Gaspard alikunja pindo la ndani, akamwonyesha polisi mishono mitano ya njano. Kisha akauvua utepe kwenye mkasi na kuuweka mkononi mwa Bwana Nkhoma, ambaye alisoma jina la binti yake akakaa juu ya robota la magunia.

"Hii kazi ni yangu," alisema Gaspard. "Yule alileta mu gunia. Mi niliogopa kuuliza. Leo siogope tena."

"Muongo!" Noël alipaza sauti. "Simujue huyu mzee! Sijawahi kumuona hata siku moja! Kila fundi anaweza kushona uzi wa njano!"

Nadège alikuwa amengoja maneno hayo tangu Jumatano.

"Afande, umeandika? Hajawahi kumwona mzee huyu." Alimgeukia Noël. "Koti lako limekukaa vizuri, ndugu. Mabegani hasa, kwa mkato wa kibarazani kwetu. Fungua."

"Nini?"

"Fungua koti."

Noël hakufungua. Polisi, ambaye sasa alikuwa amesahau jua, alimsogelea na kuigeuza kola ya koti la kijivu kwa vidole viwili. Chini yake, safi, imenyooka, ilikuwepo mishono mitano ya njano.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Nadège.

"Na hakunilipa hata mukono moja ya hiyo koti," alisema Gaspard.

Mama Olga alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika mlango wa gari, na polisi naye akageuza uso, mabega yakimtikisika, kabla hajamshika Noël mkono na kumwongoza nje.

Bwana Nkhoma alilizunguka gari lake, akapapasa taa, akakagua magurudumu.

"Binti yangu amesema hataki kuliona tena," alisema. "Linamkumbusha kilio."

Mama Olga alipangusa macho kwa ncha ya kitenge. Akauweka mkoba juu ya boneti, katikati, pale Noël alipokuwa akipangusa.

"Sasa namujua mwenye gari," alisema. "Unaliuza?"

Nkhoma alimtazama, akamtazama Nadège, kana kwamba anauliza kama mama huyu yuko timamu. Nadège aliinua mabega. Kwa upande wake uchunguzi ulikuwa umekwisha, na jibu lilikuwa nunua.

"Naliuza," alisema mzee hatimaye. "Kwa jina lako, ofisini, mimi na wewe mbele ya meza yao. Wakikataa, watatueleza kwa nini. Ila nipe juma moja, nibadilishe hilo paa. Nitatia jipya. Siwezi kumuuzia mtu gari lenye kiraka."

"Paa usiguse."

"Lakini, amayi, ulisema hutaki paa," alishangaa Nkhoma, maana Nadège alikuwa amemsimulia yote njiani.

"Nilisema sitaki paa ya kupewa." Mama Olga alipandisha mkono, akaigusa mishono ya Gaspard kwa kidole kimoja. "Hii tulishona sisi."

Bwana Nkhoma alitoa kalamu na bahasha kuukuu mfukoni ili aandike jina la mnunuzi. Mama Olga hakungoja aulizwe. Alisimama wima kando ya gari jekundu na kulitaja jina lake lote, kisha akalirudia herufi moja moja, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani.